Abiria Waliofika Kabla ya Meli

Idara ya Uhamishaji wa Abiria wa Meli za Utalii ina furaha kubwa kuutangazia umma kwamba, kwa mwaka wa tatu mfululizo, abiria wote waliohifadhi magari binafsi kutoka gatini hadi kiwanja cha ndege wamefikishwa salama salimini bila hata mmoja kuchelewa. Zaidi ya hapo, idara inajivunia kwamba wengi wao walifika kiwanjani kabla meli zao hazijatia nanga, jambo ambalo halijawahi kutokea katika nchi yoyote yenye bahari, wala isiyo nayo.

Tangazo hilo lilibandikwa juu ya dirisha namba tatu. Chini yake alikaa karani ambaye madereva walimwita Mama Muhuri, mwanamke mwenye watoto wawili nyumbani na mihuri mitatu kazini. Muhuri wa kwanza ulisema AMEPOKELEWA, wa pili YUKO NJIANI, wa tatu AMEFIKA.

Zamani, kabla ya maendeleo, mihuri hiyo iligongwa sehemu tatu tofauti. Wa kwanza uligongwa getini, wa pili alikuwa nao dereva, wa tatu ulikaa kiwanjani. Foleni ilikuwa haiishi, na malalamiko yalijaa makabati mawili. Ndipo alipoletwa Mkurugenzi Mkuu, mtu mwenye kuona mbali, ambaye katika semina yake ya kwanza aligundua chanzo. Kuchelewa kote, alisema, kunatokana na tabia ya kusubiri mambo yatokee. Akaagiza mihuri yote mitatu igongwe dirisha moja, na mkono mmoja, saa mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali.

Tangu hapo hakuna aliyechelewa. Saa tatu magari huondoka gatini kwa mstari, matupu, taa zimewashwa kwa heshima. Kiwanjani hupokelewa na Naibu Mkurugenzi, ambaye huyahesabu na kusaini kuwa abiria wote amewapokea. Saa nne meli huingia. Meli ziko chini ya idara nyingine, na idara hii haina tabia ya kuingilia mambo ya wenzake.

Ni kweli kwamba baada ya saa nne huwa wanaonekana watu gatini, wenye masanduku, wakiulizia magari. Hao kiofisi huitwa masalia. Masalia si abiria, kwa kuwa abiria wameshafika. Mama Muhuri alikuwa akiwaelekeza kwa kidevu tu: toka getini, kilomita nne kwa miguu hadi kwenye mzunguko wa barabara, huko teksi zinaruhusiwa. Hawakuwahi kuandika malalamiko, maana fomu ya malalamiko hujazwa na abiria peke yake.

Siku tunayoizungumzia, fomu zilikuwa arobaini na moja. Mama Muhuri alizigonga zote kwa dakika kumi, macho yakiwa kwenye paka aliyelala juu ya kamba za meli. Mgonga muhuri anayesoma anachogonga bado ni mwanafunzi, na yeye alikuwa na miaka tisa kazini. Saa tatu magari arobaini yakaondoka. La arobaini na moja, jeupe, lilibaki uani likipanguswa, kwa sababu lilikuwa na miadi ya kupigwa picha.

Saa nne na robo simu ya Mama Muhuri ikalia. Alikuwa mama mkwe wake.

"Mwanangu, meli imefunga kamba. Naiona ofisi yenu kutoka huku juu. Mbona uwanja mtupu? Gari langu ni lipi?"

Karani alilivuta faili. Fomu ya kumi na saba. Mihuri mitatu, imenyooka, wino bado una unyevu. Mama mkwe wake alikuwa amefika kiwanjani tangu saa mbili na dakika nne, na aliyemfikisha ni yeye mwenyewe.

Tueleze kidogo. Mama huyu alikuwa ameshinda safari ya meli ya siku tano katika bahati nasibu ya kampuni ya sabuni, yeye ambaye hufulia majivu ili kuokoa sabuni. Safari ilimalizikia gati hii, na siku hiyo hiyo, saa nane mchana, alitakiwa kupanda ndege kwenda kwa kitinda mimba wake, aliyekuwa ugenini, mumewe kazini mbali, na mimba ya kwanza inayosubiri siku yoyote. Ndege ya kule ilikuwa moja kwa juma. Daktari alikuwa amesema mtoto hana mpango wa kusubiri juma lijalo.

Gari alilihifadhi Mama Muhuri mwenyewe, siku ishirini na moja kabla, kama sheria inavyotaka. Kwa kuwa karani haruhusiwi kupokea fomu kutoka upande wake wa dirisha, alizunguka nje, akapanga foleni, akaiweka fomu kwenye kibao, akazunguka tena ndani, akaipokea. Mara ya kwanza aliikataa. Kwenye picha mama mkwe alikuwa anatabasamu, na kutabasamu hakuruhusiwi. Alizunguka nje akaichukua, akaenda kutafuta picha ya hasira, ambazo nyumbani zilikuwa nyingi.

Na tuseme ukweli, mama mkwe huyu hakuwa mtu mwepesi. Akija kwa juma moja hukaa miezi mitatu. Hupanga upya masufuria, hukagua chini ya vitanda, na humwuliza mwanawe mbele ya mkewe kama siku hizi anashiba. Kwa hiyo jambo la kwanza lililomjia karani ni hili: akikosa ndege, juma zima atalala wapi? Hatumlaumu.

La pili lilikuja taratibu. Alipojifungua mtoto wake wa kwanza, siku mbili katika wodi yenye feni isiyozunguka, ni mama huyu huyu aliyemkanda mgongo mpaka vidole vikamvimba, huku akiwatukana wauguzi kwa adabu. Hakuondoka hata kwenda kuoga. Sasa wifi yake alikuwa peke yake nchi ya watu, na mkono ule wa kukanda ulikuwa gatini kwa sababu mkamwana alikuwa anamtazama paka. Mama Muhuri aliona aibu, aibu ya kweli, mpaka masikio yakapata moto.

Alijua hakuna njia. Mlinzi wa geti haachii gari lisilo na fomu iliyo wazi. Fomu yenye mihuri mitatu imefungwa, na haijawahi kufunguliwa fomu iliyofungwa. Fomu mpya ni siku ishirini na moja. Kilomita nne kwa miguu zilikuwa nje ya swali, kwa kuwa mama alikuwa na goti moja zima na lingine la mapambo. Na mlango wa abiria kule kiwanjani ulifungwa saa saba, mwendo wa saa nzima kwa gari kutoka hapo.

Akautoa Mwongozo wa Idara kabatini, kurasa mia mbili kumi na nne, akaupangusa vumbi, akaanza kuusoma. Inaaminika alikuwa mtu wa kwanza. Kwenye ukurasa wa mia na tisini akakuta kifungu cha themanini na nane, kilichoandikwa mwaka ambao kigogo mmoja alifika kiwanjani bila begi lake la viatu. Kifungu kilisema: mzigo uliosahauliwa gatini na abiria aliyekwisha kufika utafuatishwa siku hiyo hiyo kwa gari lolote lililopo, kabla ya abiria yeyote, awe nani, kwa idhini ya afisa mkubwa zaidi aliyepo, mradi si mwenye mzigo.

Akakisoma mara mbili. Kisha akachukua fomu ya mizigo.

Mama mkwe alifika dirishani saa tano, ameshika sanduku lenye nguo za kitoto, jasho likimtoka, kitambaa cha kichwa kimelala upande mmoja. Alikuwa tayari kugomba.

"Mama," karani akasema kwa sauti ya chini, "kiofisi wewe umeshafika."

"Nimefika wapi?"

"Kiwanjani. Tangu saa mbili."

Mama mkwe akatazama miguu yake. "Basi mbona goti langu linauma hapa?"

Karani akamweleza yote, pamoja na habari ya paka, bila kujitetea. Akamwambia kwamba aliyefika hapewi gari, ila alichokisahau kinaweza kumfuata. Kwa hiyo amemwandika mzigo.

Foleni ya masalia ilianza kukunja shingo ili isikie.

"Mwanangu alipokuoa," mama akasema, "watu waliniambia mengi. Hili hawakuniambia."

"Nisamehe, mama."

"Mzigo wa nani?"

"Wako mwenyewe. Umejisahau gatini."

Mama mkwe akafikiri. "Hapo sina ubishi. Siku hizi najisahau sana. Andika."

Karani aliandika kwa uangalifu ambao hakuwahi kuutumia kwenye karatasi ya serikali. Idadi: mmoja. Rangi: maji ya kunde. Uzito: haukukubali kutajwa. Hali: umetumika, bado imara. Angalizo: usiwekwe kichwa chini, ukitikiswa hupiga kelele. Akamfunga mama lebo kwenye kifundo cha mkono, na mama akamwamuru aifunge vizuri, isije ikadondoka akapotea.

Ilibaki sahihi ya afisa mkubwa zaidi aliyepo. Na hapo bahati, ambayo kwa kawaida haiingii ofisi hiyo, iliingia kwa mlango wa mbele.

Mkurugenzi Mkuu mwenyewe alishuka melini. Alikuwa amepandia bandari ya nyuma ili kujionea kwa siku mbili maisha ya abiria wa kawaida, katika chumba cha juu kabisa, chenye roshani na mhudumu wa roshani. Ndege yake ilikuwa ile ile ya saa nane. Alikuwa anakwenda kupokea Kombe la Kufika kwa Wakati, linalotolewa na jumuiya ya mataifa inayoshughulikia mambo hayo. Waandishi watatu wenye kamera walimfuata, maana alikuwa ametangaza kwamba atahamishwa kama raia yeyote, kwa fomu, bila upendeleo. Fomu yake ilikuwa ya kwanza kwenye faili. Gari jeupe uani lilikuwa lake.

Alijaa dirishani na harufu yake nzuri, akageukia kamera. Alisema idara hii haina mkubwa wala mdogo. Alisema utaratibu ni mama, na mama haulizi mtoto yupi ana cheo. Alisema yeye mwenyewe akivunja utaratibu, basi na achekwe hadharani. Waandishi wakaandika.

"Karani," akasema, bila kumtazama, "kuna karatasi yoyote inayonisubiri? Sipendi mwananchi akwame kwa ajili yangu."

"Ipo moja, mheshimiwa. Mzigo uliosahauliwa. Unahitaji gari la kwanza lililopo."

"Leta, leta. Mizigo ya watu ni amana." Akasaini huku akitabasamu kwa kamera ya katikati, mkono ukitembea peke yake. Mama Muhuri aliutazama mkono ule ukiandika bila macho, akaufahamu kama ndugu yake wa tumbo moja.

Dereva wa gari jeupe alikuwa mzee waliyemwita Breki, kwa sababu hakuwahi kukimbilia jambo. Alipokea karatasi, akaisoma yote, akaipindua akasoma na nyuma. Akafungua mlango wa nyuma. Mama mkwe akaingia, akajiweka sawa, akaomba kiyoyozi kipunguzwe. Mlinzi akaangalia lebo, akaangalia sahihi, akapiga saluti kwa sahihi, akainua geti.

Mkurugenzi alikuwa bado anazungumza. Aliliona gari jeupe likipita, akaona kamera zimelifuata, akalipungia mkono. Picha hiyo ilitoka nzuri sana. Lilipokata kona ndipo mkono wake uliposhuka.

"Lile si gari langu?"

Sauti ya Mama Muhuri ikatoka ile ile ya kila siku, ya miaka tisa. "Fomu namba ngapi, mheshimiwa?"

"Namba moja."

Akaifungua. "Hii imefungwa. Umeshafika."

"Nimefika wapi?"

"Kiwanjani, saa mbili na dakika moja. Umekuwa wa kwanza leo."

Waandishi walikuwa wamesogea. Mkurugenzi akacheka kicheko cha mtu aliyeshikwa pabaya, akasema kwamba huo ni mfano mzuri wa kasi ya idara. Kisha akainama mpaka pua ikagusa kioo. "Sikiliza, mama. Niandike na mimi mzigo."

"Mwenye mzigo hasaini mzigo wake, mheshimiwa. Ni kifungu. Anayefuata kwa ukubwa ni Naibu wako, naye yuko kiwanjani."

"Mpigie. Weka sauti kubwa."

Akampigia, akaweka sauti kubwa kama alivyoagizwa. Naibu Mkurugenzi alikuwa na miaka kumi na tisa katika utumishi, yote akiwa naibu wa mtu. Alisikiliza kwa adabu. Akajibu kwamba Mkurugenzi Mkuu amempokea yeye mwenyewe, saini anayo mkononi, na anamngoja tu ashuke kwenye gari jeupe. Huyo mwingine anayejiita Mkurugenzi huko gatini ni nani, na kwa nini anaachiwa dirishani wakati wa kazi?

"Ni mimi," Mkurugenzi akasema. "Hunijui sauti?"

"Sauti si kielelezo," Naibu akasema, akakata.

Kifungu hicho cha sauti alikitunga Mkurugenzi mwenyewe. Mchimba kisima huingia mwenyewe, walinong'ona masalia, lakini walimpisha kwenye benchi, maana ni watu wenye utu. Saa sita akaanza kutembea kilomita nne kwa viatu vya kupokelea kombe. Ndege iliondoka saa nane kamili.

Yaliyotokea kiwanjani tunayajua kwa Breki. Gari jeupe lilisimama kwenye zulia. Naibu alikuwa na shada la maua mkononi na hati ya mapokezi mfukoni, nayo ilisema wazi kwamba anayeshuka katika gari hilo ni Mkurugenzi Mkuu. Mlango ukafunguka, akashuka mwanamke mtu mzima mwenye lebo mkononi, akilalamikia matuta. Naibu akamtazama mama. Akaitazama hati. Katika miaka kumi na tisa hajawahi kuona mtu akiishinda karatasi. Akampa maua, akamwita mheshimiwa, akambebea sanduku mpaka kwenye ukumbi wa wakubwa. Mama hakuona ajabu. Alidhani mkamwana wake amempigia simu, na alijisemea kwamba kumbe yule binti akitaka anaweza.

Naibu akawajulisha wenyeji wa kombe kwamba Mkurugenzi yuko angani, siti fulani, kitambaa cha rangi fulani. Upande wa pili walimpokea kwa gari refu. Wakamwambia ukumbi umejaa, watu wanamsubiri. Akasema hospitali kwanza. Wakasema ratiba hairuhusu. Akasema kwa sauti ambayo masufuria yote ya mkamwana wake yanaijua: "Ratiba haijawahi kuzaa mtu. Hospitali kwanza."

Wageni wa heshima walipigwa na butwaa, wakaiandika kauli hiyo kuwa falsafa. Mama alifika wodini dakika ishirini kabla ya mjukuu. Alikanda mgongo, akatukana kwa adabu, akashika mtoto. Kombe lililetwa wodini, kwa kuwa hakukubali kutoka. Picha iliyotoka magazetini ilimwonyesha ameshika mtoto mkono wa kulia na kombe mkono wa kushoto, na chini yake maneno: Mkurugenzi Mkuu akipokea Kombe la Kufika kwa Wakati.

Mama Muhuri aliikata picha ile, akaibandika jikoni, juu ya masufuria. Alilia kidogo, akacheka, akalia tena. Siku hizi anasoma jina kwanza ndipo agonge, fomu kumi kwa saa, na anamgongea AMEFIKA yule tu ambaye kiwanjani wamepiga simu kusema wamemwona. Idara imeanza kuchelewa vibaya sana. Abiria wanafika.

Wizara nayo haikukaa kimya. Wizara haiwezi kuitolea kasoro picha iliyoonekana na mataifa. Iliandika barua ya kumpongeza Mkurugenzi Mkuu kwa kombe, ikampongeza pia kwa kupata mjukuu, na ikaagiza picha zake za zamani katika vitambulisho na getini ziondolewe, ibandikwe ile mpya, kwa kuwa ni ya karibuni na ina mashahidi.

Jumatatu yake Mkurugenzi alirudi kazini, miguu imefungwa plasta. Mlinzi wa geti alimsimamisha. Akamtazama usoni, akaitazama picha ukutani, akamtazama tena, kwa uangalifu, kama alivyofundishwa na idara.

"Mzee wangu," akamwambia kwa upole, "huyu si wewe. Kaa pale kwenye benchi. Mwenyewe akirudi, nitamwambia ulikuja."